Gari la Babu na Usukani Uliolegea

Moshi wa unga wa mbao hauchomi macho kama wa kuni mbichi. Unakuja taratibu, una utamu wa utomvu ndani yake, na ukishaingia kwenye sweta hautoki hata ulifue mara ngapi. Nyumbani kwa babu yangu, Mafinga, Bibi alikuwa na jiko la debe. Kila jioni alisimamisha chupa katikati ya debe, akajaza unga wa mbao kuizunguka, akaushindilia kwa mchi, kisha akaizungusha chupa na kuichomoa polepole ili libaki tundu la kupitisha moto. Lilikuwa jiko la watu wenye subira, na mimi sikuwa nayo. Nilikuwa nimetoka Mbeya, ambako nasi baridi tunaijua, lakini baridi ya Mafinga ya mwezi wa saba ilikuwa na dharau. Asubuhi majani yalikuwa meupe, ukungu umekaa juu ya miti ya misindano kana kwamba umepanga chumba huko, na malori ya magogo yalipita taa zikiwaka wakati watu wa kwingine wanaota jua. Nilikuwa darasa la tano. Mama alikuwa amejifungua mapacha, nyumba haikaliki kwa vilio, nikapelekwa kwa Babu likizo nzima bila kuulizwa. Nilikwenda nimenuna.

Babu Yohana alikuwa dereva wa lori la magogo tangu kabla baba yangu hajazaliwa. Alibeba magogo kutoka msituni mpaka kiwanda cha karatasi Mgololo, akabeba mbao mpaka Iringa na kwingineko, na kwa maelezo yake mwenyewe hakuna mlima wa nyanda za juu ambao haukumjua kwa jina. Alikuwa mtu wa majivuno, na majivuno yalimpendeza. Kofia yake ya sufu ilikaa upande, viatu viling'aa hata siku asiyotoka, na kila asubuhi alikaa kwenye kigoda akimwinulia Bibi kidevu amnyoe. "Ndiyo faida ya kuoa hiyo," aliniambia. Mimi aliniita mke wake mdogo, kama babu wote wanavyowatania wajukuu, na Bibi alimjibu kwamba huyo mke mdogo naye ajiandae kunyoa. Chai ya nyumba ile ilimiminwa nusu kikombe. Si kwa Babu tu, kwa kila mtu, hata mchungaji akija. Mimi, mtoto niliyezoea kikombe kinachomwagikia kwenye sahani, nilihitimisha kwamba Bibi ni bahili na nikamhurumia.

Mikono ya Babu ilitetemeka. Hilo nililiona siku ya kwanza, na siku ya kwanza hiyohiyo nikaelewa kwamba halisemwi. Tajiri wake alikuwa amemnyang'anya funguo za lori mwaka uliotangulia, na funguo zile akapewa Ezekia. Hapo ndipo kidonda kilipokuwa. Ezekia alikuwa tingo wake, msaidizi wake wa kwenye lori. Alimchukua akiwa kijana asiyejua hata kukagua upepo wa tairi, akamfundisha kazi, akamfundisha barabara, akamlisha mezani kwake. Sasa lori lilipita mbele ya nyumba likiwa na Ezekia nyuma ya usukani, na kila lilipopita alipiga honi mara mbili, ya kumsalimu mzee. Babu, aliyekuwa barazani tangu asubuhi akiyasubiri malori kama mtu mwenye miadi nayo, aligeuza kiti akaangalia ukuta. Lori likishapotea, alikigeuza tena. Hakuwa amemwambia Ezekia neno tangu siku ya funguo. Akija kuamkia, "Shikamoo mzee" yake iliishia hewani, na Bibi ndiye aliyeiokota.

Kwa malori mengine alikuwa mwalimu mchangamfu. Pale barazani, blanketi magotini, alinifundisha kusoma barabara inayopanda nje ya mji. "Unaona ile yenye mzigo? Iko mbele, inapanda. Ile ndogo nyuma inataka kupita, lakini haioni mbele. Sasa nani macho yake? Huyu wa mbele." Dereva wa mbele akiwasha taa ya kushoto, anakwambia njia nyeupe, pita. Akiwasha ya kulia, anakwambia bado, kuna kitu kinakuja. Babu alisema hiyo ndiyo amana kubwa kuliko zote, kwa sababu mtu usiyemjua anakukabidhi roho yake kwa taa ndogo, nawe huna haki ya kumdanganya. "Na ukiwa nyuma, hupiti mpaka upewe. Hata kama una haraka ya kuzaa." Nilicheka sana hapo. Heshima si utumwa, aliongeza, na sura yake ikabadilika ghafla, nikajua amemkumbuka aliyemfundisha hayo kabla yangu.

Gari letu tulilipata kanisani. Kwetu, kama kwa Walutheri wengi, asiye na fedha hutoa alichonacho, na baada ya ibada vitu hunadiwa nje: mayai, kuku, debe la viazi, mkungu wa ndizi. Aliyeshinda akijisikia ukarimu husema "rudisha," na kitu kinanadiwa tena. Nimewahi kumwona jogoo mmoja akirudishwa mpaka akasinzia mikononi mwa mzee wa kanisa. Jumapili hiyo, baada ya viazi, kilitolewa kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Lilikuwa gari la rimoti, la aina ile ya mbio za barabara laini, fupi kwa kimo na pana, refu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Familia moja ya wageni waliokuwa wanahama ndiyo iliyolitoa. Bodi yake ya plastiki, ya bluu, ilikuwa imepasuka pembeni na kushonwa kwa waya. "Hili halitagi wala halichinjwi," akanadi mzee wa kanisa, "lakini Mungu amelipokea." Watu wakacheka, wakaanza kuondoka. Shangazi Rehema, kitinda mimba wa Babu, ndiye aliyenyoosha mkono. Alikuwa akiendesha mashine ya randa kwenye kiwanda cha mbao, mwanamke wa mikono mipana na maneno machache, na alikuwa ameinua ile bodi akachungulia chini. "Lina mikanda," alituambia njiani, kana kwamba hiyo ilitosha. Kweli ilikuwamo, miwili midogo yenye meno, ikipeleka nguvu ya mota mbele na nyuma, sawasawa na mashine zake. Babu alisema binti yake amerukwa na akili. Hakuligusa.

Aliligusa wiki iliyofuata, siku Fundi Aloyce alipokuja kuliangalia. Huyu alikuwa Mkatoliki mpole aliyetengeneza redio karibu na stendi, na ndiye aliyetuambia kwamba Mafinga kulikuwa na watu wazima, wenye wake na watoto shuleni, waliokusanyika Jumamosi alasiri kushindanisha magari ya namna ile. Walikimbia kwenye sakafu ya saruji ya ghala lililong'olewa mabati na kuta, njia imechorwa kwa mabanzi na tairi kuukuu. Hakukuwa na zawadi. Anayeshinda alikunywa soda ya kwanza, basi. Fundi akataja waliokuwa na magari, mmojammoja, na kati yao akamtaja Ezekia. Babu, aliyekuwa akijifanya anasikiliza matangazo ya vifo redioni, akapunguza sauti. "Ezekia naye anaendesha?" Akaambiwa ndiye bingwa. Jiko likatoa cheche. "Lete hiyo gari hapa," akasema Babu.

Basi nyumba ile ikageuka gereji. Gari lilikuwa zee, limechoka kila kiungo, na Fundi Aloyce alikuwa na maoni thabiti kuhusu namna ya kulitayarisha. Alibadilisha vifundo vya usukani vilivyolegea akaweka vipya kutoka kwenye gari lake bovu, akakaza kila skrubu, akahakikisha ukigusa rimoti tu magurudumu yanaitika papo hapo. Shangazi alisafisha mikanda kwa mswaki, akaipima ulegevu wake kwa kidole kama anavyoipima ya kazini. Sakafu ya ghala ilikuwa na mikwaruzo, kwa hiyo wakaliinua kidogo tumbo lisiburuze. Betri ilikuwa ya zamani na baridi ilikuwa inaiua, haikumaliza hata wimbo mmoja wa kwaya wenye beti nyingi, mpaka Babu alipoanza kuiatamia ndani ya koti kama kuku. Mimi nilikuwa mshika tochi, mtafuta skrubu zilizoanguka, na mkimbiaji wa kulirudisha gari likipinduka uani. Na lilipinduka. Rimoti ilikuwa na usukani mdogo pembeni, wa kuzungushwa kwa vidole. Fundi akiushika, gari lilikwenda kama limewekwa kwenye reli. Shangazi akiushika, vivyo hivyo. Babu akiushika, gari lilianza kutikisa kichwa kushoto kulia kama mtu anayekataa chakula, halafu likaingia kwenye mboga za Bibi.

Hakuna aliyesema ni mikono. Babu alisema ni tairi, zimekakamaa kwa uzee, zinateleza. Na kwa kuteleza, watu wa Mafinga wana dawa moja ya tangu enzi. Mkanda wa mashine ya mbao ukiteleza, unapakwa utomvu wa msindano, unashika. Dawa hiyo Shangazi aliitumia kazini, Babu aliwahi kuitumia kwenye mkanda wa feni ya lori, na Bibi aliitumia kuzibia ndoo. Hata Fundi Aloyce, aliyekuwa na vitabu, aliona hekima yake. Tulipasha moto utomvu kwenye kopo, tukauyeyusha kwa mafuta ya taa, tukazipaka tairi zote nne mpaka zikanata vidoleni. Jumamosi tukaenda ghalani tukiwa tumevaa kama watu wa harusi. Babu alisimama juu ya rundo la mbao pamoja na madereva wengine, kofia upande, na Ezekia, aliyekuwa upande wa pili, akamwamkia. Babu akatazama mbele.

Nikumbuke nini cha siku ile? Gari liliondoka kwa nguvu hata watu wakaguna. Tatizo ni kwamba sakafu ya Mafinga haikosi unga wa mbao, upepo unaupeleka kila mahali, na tairi zetu zilikuwa gundi. Kabla ya kona ya pili zilikuwa zimeota manyoya. Mbaya zaidi, pale ziliposhika, zilishika kweli. Mkono wa Babu ukitikisika, magurudumu yanatii, tairi inang'ang'ania, gari linajibinua miguu juu. Nikakimbia, nikaligeuza. Likajibinua. Nikaligeuza tena. Watu walicheka, na hawakucheka kwa ubaya, kwa sababu hata mimi ingekuwa gari la mtu mwingine ningecheka. Kisha kicheko kikapungua, kikakatika. Walikuwa wameacha kulitazama gari, wakaanza kuitazama mikono. Babu aliiweka rimoti juu ya mbao, taratibu sana, akashuka, akaenda nyumbani kwa miguu peke yake. Ezekia alipiga hatua mbili kumfuata, akasimama.

Jioni ile Bibi alimimina chai. Babu ndiye aliyeanza kuzungumza, na alianza kwa hasira, akililaumu gari. Akasema gari hili ni kama lile lori jipya, lori la kijinga, lina haidroliki, ukilipumulia tu linageuka. Lori lake la zamani lilikuwa na heshima. Usukani wake ulikuwa umelegea, una mchezo, unauzungusha kiasi hiki kabla tairi haijajua chochote, na dereva mwenye akili anauzoea. Tajiri alipouza lile na kuleta jipya, likaanza kuyumba kwenye barabara iliyonyooka, na watu wakamwona. Mzoea punda hapandi farasi, nilitaka kusema, maana tulikuwa tumefundishwa methali hiyo shuleni, lakini swali likatangulia. Nikamuuliza kwa nini lile la zamani halikuyumba.

Babu akaweka kikombe chini. Nadhani alisikia mwenyewe alichokuwa amekisema. "Lilikuwa linameza," akasema mwishowe. "Mikono inatikisika, usukani unameza. Miaka miwili hivyo. Nilifikiri hakuna anayejua." Aliitazama mikono yake juu ya meza, ikicheza peke yake. Shangazi Rehema, asiye na maneno, akamwambia, "Tulikuwa tunajua, baba. Kwani chai ya nyumba hii ni nusu kwa ajili ya nani?" Babu akatazama kikombe chake. Akatazama cha Bibi, akatazama changu, vyote nusu. Bibi aliendelea kukoroga mboga kama hakusikia chochote, lakini masikio yake yalikuwa yamesimama. Nilimwona babu yangu akilia, machozi mawili tu yaliyopita kwenye mashavu aliyonyolewa asubuhi, na nilimpenda wakati ule kuliko nilivyowahi kumpenda mtu yeyote. Bahili wangu, kumbe, alikuwa amemfichia mume wake mtetemo kwa kutunyima chai sote.

Kulipokucha Shangazi alikuwa tayari ameligeuza gari mgongo chini kwenye meza ya jikoni. Vile vifundo vikuukuu, vilivyolegea, ambavyo Fundi Aloyce alivitupa kwenye kopo, alivirudisha vyote. Akavilegeza zaidi. Akakata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, akakivisha kwenye usukani wa rimoti ili uwe mzito, usiitike kwa kila mguso. Tairi tulizisugua kwa mafuta ya taa na majivu mpaka zikarudi kuwa ngumu na butu kama zilivyokuwa, zinateleza kidogo, zinasamehe. Chini ya tumbo akafunga nati nzito mbili za mashine ya randa ili litulie. Fundi Aloyce alipofika alishika kichwa. Kila alichokuwa amekikaza, kimelegezwa. "Hilo gari sasa linaitika kesho," akasema. Shangazi akamwambia ndivyo anavyolitaka. Babu akatoka nalo uani, akashika rimoti. Mikono ilitikisika, usukani ukameza. Gari likaenda. Halikwenda kasi, na kona alipaswa kuianza mapema, mbali kabisa, kama dereva wa magogo anavyoianza. Lakini hicho ndicho alichokuwa amekifanya maisha yake yote. Alizunguka mboga za Bibi mpaka betri ikafa, akairudisha kwenye koti, akasubiri, akazunguka tena.

Jumamosi iliyofuata hakutaka kwenda. Alisema mgongo unauma, akasema baridi. Bibi akamvika kofia, akaiweka upande. "Ukishindwa utarudi, chai ipo," akamwambia. Tulipofika watu walimsalimu kwa sauti za chini, zile sauti za msibani, nikachukia. Magari yakapangwa, kipyenga kikalia, na wenye magari ya haraka wakatoka kwa kishindo, la Babu likabaki nyuma likijikokota kama lori lenye mzigo. Lakini mwenda pole hajikwai. Mmoja akagonga tairi, mwingine akamgonga huyo, wa tatu akapoteza gurudumu. Ezekia mwenyewe, akikwepa mkusanyiko ule, akaparamia banzi na kukwama, na kabla hajaondolewa lile gari la bluu lililoshonwa kwa waya lilikuwa limepita pale, likianza kona zake mapema, likizimaliza zote. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Babu alikuwa mbele.

Ezekia alikwamuliwa akaja kama mshale. Lake lilikuwa jipya na kali, na kwenye mzunguko wa mwisho alikuwa ameshalifikia letu, pua kwa mkia. Njia ilikuwa na sehemu moja tu pana, ule mnyoosho wa mbele ya rundo la mbao, na sote tulijua hapo ndipo atakapopita. Akafika hapo. Hakupita. Gari lake lilipunguza mwendo, likakaa nyuma ya letu, likivuta pumzi. Madereva walikuwa wamesimama bega kwa bega pale juu, nami nilikuwa chini ya miguu yao, nikamsikia Ezekia akisema, bila kuondoa macho njiani, "Mzee, naomba njia."

Babu hakugeuka. Mikono ilikuwa inatikisika vibaya na gari lilikuwa linakwenda limenyooka. "Bado," akasema.

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu siku ya funguo. Wakaingia kona, moja nyuma ya jingine, wakatoka. "Mzee, njia." "Bado. Sijaona mbele." Njia nzima ilikuwa tupu, hata mimi niliiona. Watu walianza kucheka, mmoja akapaza sauti kumwambia Ezekia apite, anangoja nini, na Ezekia akasema hajapewa taa. Mpaka leo sijui kama alikuwa anampa mzee zawadi au mkono wake ulikataa tu, kwa mazoea ya miaka ya kukaa kushoto mwa mtu yule. Wala sitaki kujua. Walivuka mstari hivyohivyo, la bluu mbele, lile kali nyuma, polepole kama msafara wa harusi. Babu aliliacha gari likaenda mbele kidogo, akaliegesha kushoto. Ndipo akamgeukia Ezekia, akamtazama usoni. "Haya, pita sasa," akasema. Halafu, kwa sauti iliyokuwa na vumbi, "Ile lori inaendaje? Bado inavuta kulia ikipanda?" Ezekia akaishika mikono yote miwili ya mzee, ikatikisika ndani ya yake.

Soda ya kwanza Babu alimpa Ezekia. Jioni Ezekia alikuja nyumbani, akaketi pale alipokuwa akiketi zamani, na Bibi akammiminia chai, nusu. Alikitazama kikombe, akavitazama vya wengine, na alikuwa mtu mzima mwenye akili, hakuuliza. Walizungumza habari za breki mpaka nikalala mezani. Kesho yake lori lilipopita, honi mbili, Babu hakugeuza kiti. Aliinua mkono juu, ukapepea wenyewe, hakuhitaji hata kuupunga, na yeye ndiye aliyetania hivyo, si mimi.

Siku hizi naishi Mbeya. Babu na Bibi wamelala Mafinga, chini ya misindano, na Ezekia ndiye aliyeleta mbao za jeneza siku tuliyomzika Babu na kukataa kuzungumza na mtu yeyote mpaka jioni. Gari nililichukua mimi. Jumamosi moja moja tunakutana wachache kwenye kiwanja cha mpira wa kikapu, vijana wana magari yanayopangwa kwa simu, betri zao hazihitaji koti la mtu, na kwa kweli ni matamu kuyatazama, sitasema uongo kwamba ya zamani yalikuwa bora. Wanaliona la bluu, wanalijaribu, wanashangaa. "Dada, usukani wako umekufa," wananiambia, na kuna mmoja mkarimu anayejitolea kila mara kunikazia vifundo. Namshukuru, namkatalia. Nalitunza, nabadilisha mkanda ukikatika, naziweka tairi zikiwa butu, lakini ule ulegevu sijauondoa. Limepangwa kwa ajili ya mikono fulani, na kwangu hiyo ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuishika. Watu wanaokuja kwangu wanadhani mimi ni bahili, kwa sababu ya chai.

Mwezi uliopita nilikuwa narudi Mafinga, kusalimia makaburi na kumsalimia Shangazi, gari la bluu likiwa kwenye kiti cha nyuma limefungwa mkanda. Kwenye mlima nikakuta lori la magogo linapanda, limeelemewa, moshi na harufu ya utomvu vikiingia dirishani kwangu. Nyuma yangu watu walipiga honi, wakachomoka, wakapita hovyo bila kungoja macho ya mtu. Sikuwajua, na dereva wa mbele sikumjua, kijana tu, niliuona mkono wake kwenye kioo. Alinihurumia. Taa ya kushoto ikawaka, ikakonyeza, njia nyeupe. Sikupita. Akaiwasha tena, halafu akatoa mkono nje akanipungia, pita mama, pita. Nilishika usukani kwa mikono miwili, nikakaa pale nyuma yake, macho yamejaa.

"Bado," nikamwambia kwa sauti, kana kwamba ananisikia. "Bado kidogo."